Nyigu wakiwa wengi ndio wanafanikiwa? Tunayoambiana barazani na yaliyo kweli

Msimu wa karafuu ukikaribia huku Pemba habari za nyigu hazikosekani barazani, huyu kaumwa juu ya mkarafuu, yule kashuka mbio kaacha pishi yake huko huko juu, na kila mtu ana lake la kusema. Mengi si kweli na yanatufanya tuchome viota ovyo.

Banda letu la kuwekea majamvi lina paa la makuti, na mwaka jana kwenye boriti zake zilikuwepo nyumba mbili za nyigu, wale wa kiuno chembamba kama uzi ambao wakiruka miguu inaning'inia. Moja ilikuwa na mama mmoja tu, nyengine wanne. Kijana wetu akaja na ukuti unawaka moto achome zote mbili, ami akamzuia kwa kuogopa banda lisiungue, na mie nikamwomba aziache maana nilitaka kuona ipi itafika mbali.

Jambo linalosemwa sana ni kwamba nyigu wanakuja kundi zima kama nyuki, yaani jana hapana kitu leo wamejaa. Hawa wetu wa kwenye mapaa sivyo wanavyoanza. Ni jamii inayoitwa Belonogaster, imeenea Afrika, na nyumba inaanzishwa na jike mmoja au majike wachache, anakwangua nyuzi za mti mkavu, anatafuna na mate yake, anatengeneza kitu kama karatasi, anaanza kikonyo halafu vitundu kimoja kimoja na kila kitundu yai. Wewe unapokuja kushtuka nyumba imejaa, ujue yule mama kashafanya kazi wiki nyingi na wewe unapita chini yake na jamvi lako kichwani. Nyigu wanaohama kwa kundi wapo kweli, wale wa Polybia wa Amerika ya Kati na Kusini wanaondoka mamia kwa pamoja kwenda kujenga kwengine, lakini hao ni mambo mengine na nitawarudia.

Sasa mtu akiona mama wanne kwenye nyumba moja anasema hao watagombana tu, manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali ni ya kweli ila haiwahusu, kwa sababu pale nahodha ni mmoja. Mwanzo wanasukumana kweli, wanapandana, wanang'atana, mwisho mmoja anakuwa mkubwa na yeye ndiye anayetaga mayai mengi, waliobaki wanakuwa mabaharia, wanaleta viwavi, wanaleta maji, wanalisha mabuu. Ukikaa ukaangalia asubuhi jua likishapanda utamjua tu, ni yule asiyetoka toka.

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa, na mie napapenda khasa. Watu wengi tunaamini wakiwa wengi basi kila mmoja anazalisha zaidi, kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1964 Mmarekani mmoja bingwa wa nyuki, Charles Michener, alichukua hesabu za viota vya nyuki na nyigu na jamaa zao, akagawanya watoto waliozalishwa kwa idadi ya majike waliopo, akakuta kinyume, kundi likikua fungu la kila kichwa linapungua. Watu wakabaki wanajiuliza, kama ni hivyo kwa nini wakae pamoja, si kila mtu akajenge kwake?

Jibu moja ni kuwa wastani unaficha msiba. Mama akiwa peke yake anatoka kuwinda kiwavi, ndege akimdaka njiani basi imekwisha, mabuu yanabaki kwenye vitundu yanakufa njaa, kazi ya mwezi mzima inakuwa si kitu. Wakiwa wanne akifa mmoja wapo wa kuendeleza, na ile nguvu aliyokwishaiweka haipotei. Raghavendra Gadagkar kule India amefanya kazi miaka mingi na nyigu waitwao Ropalidia marginata na hili alilieleza vizuri sana, kwamba anayeishi na wenzake ana uhakika wa kuvuna angalau kidogo hata kama hakufika mwisho wa msimu. Halafu mwaka 1998 watafiti wawili, Karsai na Wenzel, wakaonyesha jambo jengine, nyumba ndogo zinayumba mno, moja inafanya vizuri ajabu na jirani yake inapata sifuri, lakini kubwa zinakuwa karibu karibu, hazina bahati kubwa wala mkosi mkubwa. Kwa hiyo ukichagua nyumba ndogo moja iliyofanikiwa ukasema umeona, hujaona bado.

Na hata hesabu ya Michener haishiki kila mahali. Wale Polybia niliowataja, watafiti Jeanne na Nordheim walichapisha mwaka 1996 kwamba makundi yao makubwa yalizalisha zaidi hata kwa kila kichwa. Sababu ukiwa umekulia na karafuu unaielewa mara moja. Nyumba yenye watu wawili tu, hao hao wapande mkarafuu, usiku hao hao wachambue makonyo, asubuhi waanike, mvua ikitishia wakimbie kuanua, kila kazi wanaiacha nusu. Penye watu ishirini wapo wa kuchuma, wapo wa kuchambua, wapo wa kukaa na majamvi tu. Polybia wakiwa wengi ni hivyo hivyo, huyu kazi yake kuleta maji, huyu kuleta nyuzi za mti, huyu kujenga, na anayeleta maji hakai kusubiri maana mpokeaji yupo. Kundi likiwa dogo yule yule anakwenda huku anarudi huku, na anayefika na mzigo anangoja kupokelewa, muda unapotea hapo.

Kuna wanaosema nyumba kubwa haishindwi na kitu. Waulizeni siafu. Wakipanda hawajali ukubwa, wanabeba mabuu yote na wenyewe wanabaki kuruka tu. Ndiyo maana nyumba zile zinaning'inia kwa kikonyo chembamba na nyigu wanasugua matumbo yao pale kupaka dawa ya kufukuza chungu, na mama aliye peke yake ndiyo kinga yake hiyo anapokuwa kaenda kuwinda. Ukitaka kuona wingi unaoshinda kweli angalia wale chungu waitwao maji moto minazini. Mtaalamu wa wadudu Michael Way aliwachunguza hapa hapa Zanzibar, utafiti wake ukatoka 1954, kundi moja linashika miti mingi na viota tele na linawinda yule mdudu anayefyonza vidaka vikapukutika, mdudu mwenyewe kapewa jina la wayi kwa ajili yake.

Kuhusu kuuma ndiyo, kwa kawaida nyumba kubwa yenye mabuu mengi inapiganiwa zaidi, mama wa peke yake mara nyingi anarudi nyuma. Wanaouma ni majike tu, dume hana mwiba. Na nyigu si kama nyuki, wengi wao wanauma tena na tena bila ya kufa, kwa hiyo usisimame pale ukawapiga na kanga, ondoka. Mtu akiumwa halafu akaanza kuvimba uso au pumzi zikambana, msimpake chochote, hospitali haraka sana.

La mwisho ni hili la kupima mafanikio kwa ukubwa wa kiota. Huko Ulaya nyigu wa Vespula wanafika maelfu ndani ya nyumba moja, baridi ikija wanakufa wote isipokuwa majike wachanga waliokwishapandwa, hao wanajificha mpaka msimu mpya. Nyumba yote ile kubwa hesabu yake ni mabinti na madume waliotoka salama, basi. Kiota kikubwa ambacho hakikutoa hata binti mmoja kimepata hasara.

Banda letu sasa. Yule mama wa peke yake alipotea siku moja baada ya mvua, vitundu vyake vikakauka na mabuu ndani, nikasikitika kweli. Kwa wale wanne alibaki mkubwa na wenzake wawili, wakazaa, nikahesabu wapya kumi na saba halafu nikapoteana hesabu, na mchicha wa bibi nyuma ya banda mwaka ule haukuwa na viwavi vya kusemea. Mwaka huu kwenye boriti ile ile, kama shubiri moja kutoka kilipokuwa kikonyo cha zamani, wapo wawili wameshaanza.