Albamu ya "mwisho" ya WITCH: tunayoambizana Mbeya na yalivyokuwa

Taja roki kijiweni Mwanjelwa. Wa kwanza atakwambia ni muziki wa Wazungu, wa pili ataongeza kwamba ni wa kishetani. Wote wanasahau kuwa Tunduma ni kilomita kama 100 tu kutoka hapa, na ng'ambo ya mpaka vijana wa Zambia walikuwa wakiunguruma na magitaa ya umeme tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Muziki wao uliitwa Zamrock, na kundi lililovuma kuliko yote lilikuwa WITCH. Jina hilo halina uchawi: ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuzusha vurugu". Mchungaji hatafurahi, lakini tunguri hamna.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaoujua muziki wenyewe. Hao watakuapia kwamba albamu ya mwisho ni Kuomboka ya 1984, na kwamba jina lake ni sawa na kuomboleza, yaani jamaa walikuwa wanaaga. Kuomboka ni neno la Kilozi, lugha ya magharibi mwa Zambia, maana yake kutoka majini. Ni sherehe ya Walozi ya kila mafuriko yanapojaa bonde la Zambezi, mfalme wao, Litunga, anapopanda mtumbwi mkubwa kutoka Lealui kwenda nchi ya juu, Limulunga, ngoma zikirindima. Msiba uko wapi hapo?

Halafu ukiisikiliza, roki ngumu yenyewe huioni. Ni disko, kinanda kimetawala, na Emanuel "Jagari" Chanda, mwimbaji aliyewapa sura, alishaondoka. Anayetaka WITCH wa magitaa arudi kwenye Lazy Bones!! ya 1975.

Wapo pia wanaosema Zamrock ilikufa kwa sababu watu waliichoka. Disko iliivuta mashabiki, sikatai. Lakini bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na nchi iliyoishi kwa shaba ikakosa hela ya starehe. Kaseti za kudurufu zikala mauzo ya sahani za santuri. Kisha ukaja UKIMWI, ambao uliwamaliza wanamuziki wengi wa kizazi kile. Katika safu ya awali ya WITCH alibaki Jagari peke yake, ambaye kwa miaka mingi alihangaika na uchimbaji wa vito.

Na hiyo "mwisho" nayo ilitenguka. Mwaka 2023, miaka 39 baada ya Kuomboka, ilitoka Zango, iliyorekodiwa Lusaka: Jagari, mpiga kinanda Patrick Mwondela aliyekuwemo pia mwaka 1984, na vijana kutoka Ulaya. Mwaka 2025 ikafuata Sogolo. Kwa hiyo akikuuliza mtu albamu yao ya mwisho ni ipi, mwambie bado hajasikia hata ile ya juzi.