Kwa nini agoni huitangulia potasiamu ilhali ni nzito zaidi?

Wengi waliosoma kemia shuleni hubaki na imani kwamba elementi zimepangwa katika jedwali kwa kufuata uzito wa atomu zake. Imani hiyo ina asili yake, kwani Dmitri Mendeleev alipotangaza jedwali lake nchini Urusi mwaka 1869, uzito ndio uliokuwa kipimo chake kikuu. Lakini ukilitazama jedwali la leo kwa makini utaikuta agoni, gesi yenye uzito wa 39.95, katika nafasi ya 18, na potasiamu, yenye 39.10, katika nafasi ya 19. Vivyo hivyo kobalti huitangulia nikeli, na teluri huitangulia iodini, ingawa zinazotangulia ndizo nzito.

Mendeleev alilifahamu tatizo la teluri na iodini. Aliiweka iodini pamoja na klorini na bromini kwa sababu tabia zake zinafanana nazo, kisha akashuku kwamba uzito wa teluri ulikuwa umepimwa vibaya. Vipimo vya baadaye vilithibitisha kwamba teluri kweli ni nzito zaidi. Jibu lilipatikana kuanzia mwaka 1913, Mwingereza Henry Moseley alipozipiga sampuli za elementi kwa elektroni na kupima eksirei zilizotoka. Aligundua kwamba kipeuo cha pili cha masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya eksirei hizo hupanda kwa hatua zinazokaribia kulingana kutoka elementi moja hadi inayofuata, na kwamba kila hatua ni ongezeko la chaji chanya moja katika kiini cha atomu, yaani chembe moja tunayoiita leo protoni. Kobalti ina protoni 27 na nikeli 28, kwa hiyo mpangilio ulikuwa sahihi tangu awali.

Idadi ya protoni ni kama zamu ya kuzaliwa ya watoto wa nyumba moja: kifungua mimba hubaki kifungua mimba hata mdogo wake akimzidi kwa kilo nyingi, na hakuna mtoto anayezaliwa kati ya wa tatu na wa nne. Uzito huongezwa pia na neutroni, chembe za kiini zisizo na chaji, ambazo idadi yake hutofautiana hata ndani ya elementi moja. Kwa kawaida protoni zikiongezeka neutroni nazo huongezeka, ndiyo maana kupanga kwa uzito hufaulu karibu kila mahali.

Kisa cha agoni kinavutia kuliko vyote, kwa sababu uzito wake hapa duniani unatokana na potasiamu yenyewe. Sehemu ndogo sana ya potasiamu, takriban 0.012 kwa mia, ni potasiamu-40 (namba hiyo ni jumla ya protoni na neutroni zake), ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka bilioni 1.25. Katika kila atomu 100 zinazooza, takriban 11 hugeuka kuwa agoni-40 na nyingine huwa kalisi. Hivyo zaidi ya asilimia 99 ya agoni tunayoivuta hewani ni zao la miamba. Katika Jua, agoni iliyo nyingi ni agoni-36, nayo ni nyepesi kuliko potasiamu.

Uozo huohuo ndio uliotumika kupima umri wa majivu ya volkano ya Olduvai, Tanzania, palipopatikana fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959. Matokeo ya mwaka 1961 yalitoa umri wa takriban miaka milioni 1.75. Hata hivyo, kipimo hicho huaminika pale tu joto la volkano lilipoifukuza agoni yote ya zamani, na fuwele zikaihifadhi yote iliyozaliwa baadaye.