Mkunazini, Kizimkazi, Kilwa: mwongozaji umlipe au uingie mwenyewe?

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni majengo ya kale ya mwambao, swali la kwanza huwa la pesa. Nikienda kanisa la Mkunazini, Unguja, nichukue mtu wa kunitembeza au nitakuwa natupa hela? Huwa najibu kwamba inategemea jengo, na zaidi inategemea huyo mtu.

Mkunazini kwanza, maana ndiko wengi mnakokwenda. Kanisa Kuu la Kianglikana limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Ujenzi ulisimamiwa na Askofu Edward Steere, yuleyule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, na kaburi lake liko nyuma ya madhabahu. Mengi ya haya huhitaji kumlipa mtu akusimulie. Siku hizi kuna maonyesho mazuri ya historia ya biashara ya utumwa humohumo uani, na ukijipa saa moja ya kusoma taratibu utatoka na mengi.

Unayemlipa, basi, mlipe akuoneshe. Upande wa magharibi, penye birika la ubatizo, kuna nguzo zilizosimikwa kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo Steere akiwa hayupo, na aliporudi akaziacha. Nimeona watu wakiegemea nguzo hizo wakipiga picha ya madhabahu, hawajui wameegemea nini. Kuna pia msalaba wa mbao uliotokana na mti ambao moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake, kule Chitambo, Zambia ya leo. Asiyeoneshwa huupita. Kisha inua macho: paa limejengwa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa, limepinda kama mtumbwi uliofunikwa, na halina boriti hata moja. Mwongozaji asiyekuinua kichwa utazame hilo paa hajakutembeza.

Sasa tushuke chini. Kwenye jengo la hosteli lililo jirani na kanisa kuna vyumba vya dari fupi, vya giza, na karibu kila mgeni huambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimofungiwa wakingoja mnada. Wanahistoria wana mashaka makubwa na habari hiyo, kwa sababu jengo la juu lilijengwa na wamisionari kuwa hospitali, miaka mingi baada ya soko kufungwa. Hapo ndipo mimi humpima mwongozaji. Namuuliza tu, kwa adabu, "Unajuaje, ndugu yangu?" Aliye mzuri atakwambia wazi kwamba pana ubishi, akueleze kila upande unasema nini. Mwingine atapandisha sauti na kuongeza idadi ya waliokufa. Soko lilikuwepo, mateso yalikuwepo, na minyororo iliyo kwenye sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998, pale nje, ni ya kweli. Historia nzito namna ile haihitaji kutiwa chumvi.

Ukitaka kipimo cha pili, muulize utumwa Zanzibar ulikwisha lini. Akijibu 1873 bila kusita, jua amekariri. Mwaka ule kilichopigwa marufuku ni soko na kusafirisha watumwa baharini. Hadhi ya utumwa kisheria iliondolewa mwaka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909.

Maswali hayo myaulize kabla hamjapatana bei. Na mtafute mtu mwenye kitambulisho cha leseni. Papasi, yaani kijana wa mtaani asiye na leseni anayewinda wageni, anayekudaka Forodhani huenda akawa mcheshi kuliko wote, lakini wengi wao wanakupeleka dukani, kanisa ni la kupitia tu.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, mambo ni tofauti kabisa. Ukifika Dimbani utaona msikiti wa paa la bati, wa kawaida, na usipokuwa na mtu utageuza gari. Ndani, kwenye mihrabu, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo unaloliona ilijengwa upya karne ya 18. Bila mtu wa kukuonesha la kale linaishia wapi na la baadaye linaanzia wapi, utaona ukuta uliopakwa chokaa. Hapa mwenyeji ana thamani kuliko Mkunazini, hata kama maneno yake ni machache. Ni msikiti unaosaliwa, kwa hiyo stara, viatu nje, usiingie wakati wa sala, na uache chochote kwa ajili ya msikiti.

Kilwa Kisiwani hakuna cha kujadili: kibali unakichukua Kilwa Masoko na unavuka na mwongozaji. Hata ingekuwa hiari ningemchukua. Msikiti Mkuu una sehemu ya kaskazini iliyo kongwe, kisha upanuzi wenye makuba uliofanywa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman karne ya 14, sultani ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta alipofika mwaka 1331. Ukisimama kwenye ile njia kati ya sehemu mbili unaona ufundi ukibadilika mbele yako, ila lazima mtu akusimamishe hapo.

Ambacho sikishauri ni ziara za kundi zinazobana Mji Mkongwe, mashamba ya viungo na kisiwa cha Changuu ndani ya siku moja. Mkunazini mtapewa dakika chache, nusu yake kwenye vile vyumba vya chini. Pesa hiyo bora uiweke, uende asubuhi peke yako, umchukue mtu wa pale langoni. Na kama shida yako ni kusali, nenda Jumapili kwenye ibada ya Kiswahili. Huko hakuna mwongozaji wala tiketi.