Njia ya Maziwa haidai darubini

Ukimwambia mtu wa Mbeya kwamba unapiga picha za nyota, swali la kwanza ni: "Darubini umenunua shilingi ngapi?" Sina. Darubini hukuza kipande kidogo tu cha anga, ilhali Njia ya Maziwa, ule mkanda hafifu wa nyota za galaksi yetu, imetanda kutoka upeo hadi upeo. Kinachotakiwa ni giza, na muda wa kukusanya mwanga.

Julai moja, usiku usio na mbalamwezi, nilikuwa Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huko, weeh! Simu niliilaza juu ya gunia la viazi, kamera ikitazama juu, nikaweka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, lenzi ibaki wazi sekunde 20, na taima ya sekunde 3 ili kidole kisiitikise. Ukizidisha sana sekunde, nyota hugeuka vistari, maana Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Kitovu cha galaksi yetu kilikuwa karibu na utosi. Wenzetu wa London hukiona chini kabisa kusini, kama wanakiona.

Pete za Zohali je? Hapo sawa, tafuta darubini.