Ukerewe Ni Kubwa Kuliko Shelisheli, Tuachane na Hoja ya Uchache

Imekuja tena. Safari hii ni kwenye kundi la WhatsApp la wenzangu niliosoma nao, kwa herufi kubwa na bendera juu: "SHELISHELI WATU LAKI MOJA TU, NCHI YA KIPATO CHA JUU. SISI MILIONI SITINI, TUNAZAANA TU." Chini yake watu wazima, wengine na shahada ya pili, wanaitikia: "kweli kabisa", "wachache hugawana vizuri". Hoja hii nimeisikia kwenye daladala ya Buhongwa, nimeisikia kwenye semina ya bajeti, na nimeisikia kwa mgeni rasmi akiisoma kwenye hotuba iliyochapwa. Kazi yangu ni takwimu za uchumi, hapa hapa Mwanza. Kwenye kundi sijibu. Najibu hapa, ili siku nyingine nitume kiungo tu na kuendelea na shughuli zangu.

Hoja yenyewe inasema pato la taifa ni sinia la wali: wakilizunguka watatu wanashiba, wakilizunguka thelathini wanalamba vidole. Inavutia, lakini wanaolizunguka sinia hili ndio hao hao waliolima mpunga, wakachota maji, wakapika. Ukipunguza walaji umepunguza na wapishi. Kama uchache peke yake ungeleta utajiri, Komoro isingekuwa inatupita kidogo tu kwa kipato cha mtu, nayo ina watu wasiofika milioni moja. Lakini sina haja ya kwenda mbali hivyo. Nina kisiwa hapa jirani, ndani ya Ziwa Victoria: Ukerewe.

Shelisheli, ukijumlisha visiwa vyake vyote 115, ina nchi kavu ya kilomita za mraba kama 460. Kisiwa cha Ukerewe peke yake ni kama 530. Ndiyo, umesoma sawasawa: Mahé, Praslin, La Digue na vile vingine vyote vinaingia ndani ya Ukerewe na nafasi inabaki. Watu wa wilaya ya Ukerewe ni zaidi ya laki tatu, ambao kwa hesabu za Tanzania ni wachache sana. Ni kisiwa, ni kidogo, kina samaki, kina mandhari, kina watu wanaojua maji. Basi mbona Nansio, mji wake mkuu, haifanani na Victoria? (Victoria mji mkuu wao, siyo ziwa letu.) Mwenye hoja ya uchache anijibu hapo kabla hajanitumia bendera nyingine.

Namba nazipitia haraka. Mwaka 2023 pato la Tanzania lilikuwa takriban dola bilioni 79, la Shelisheli bilioni 2 na ushee. Kwa jumla tunawazidi mara zaidi ya thelathini na tano. Kwa watu tunawazidi mara mia tano na zaidi. Sensa ya 2022 ilitupata 61,741,120. Gawanya mwenyewe. Benki ya Dunia iliwaweka kwenye kundi la kipato cha juu mwaka 2015, sisi tukaingia kipato cha kati ngazi ya chini Julai 2020. Ni matajiri kuliko sisi, na kwa mbali. Hilo silibishi. Ninachobisha ni sababu mnayoitoa.

Chukua utalii, maana ndiko kila mtu anakokimbilia. Mwaka 2019 Shelisheli ilipokea wageni kama 384,000. Tanzania mwaka huo huo ilipokea zaidi ya milioni moja na nusu. Nani kafanya vizuri? Kwao ni karibu wageni wanne kwa kila mkazi mmoja. Ili Tanzania ifikie uwiano huo ingehitaji wageni kama milioni 240 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya wanaoingia Ufaransa, nchi inayoongoza duniani. Hata tukiweka hoteli kila kona kuanzia Saanane hadi Ruaha, hawatafika. Hapo ndipo udogo unafanya kazi kweli: soko dogo tu la dunia linatosha kuibeba nchi nzima. Lakini linatosha pale ambapo limeshapatikana. Udogo hauleti hilo soko. Watu wanachanganya mambo haya mawili kila siku, na mimi yananichosha.

Sasa nije kwenye kiini, ambacho hakimo kwenye zile bendera. Tofauti kubwa kati ya Ukerewe na Shelisheli ni kwamba mmoja ni wilaya na mwingine ni nchi. Kuwa nchi ni rasilimali. Inauzwa.

Mfuate sangara mmoja. Ametolewa kwenye nyavu usiku, amefika mwaloni, ufukweni samaki wanaposhushwa, alfajiri, amepimwa, mvuvi amelipwa, mara nyingi akiwa tayari anadaiwa mafuta na yule yule aliyenunua samaki. Sangara anawekwa kwenye barafu, anavuka hadi kiwandani Mwanza, anatoka akiwa minofu iliyogandishwa kwenda Ulaya. Bondo lake, kile kifuko cha hewa cha tumboni, linakwenda njia yake, Hong Kong na China, na kwa kilo lina bei kuliko nyama yenyewe. Nani anakaa mezani na Ulaya kuzungumzia viwango vya ubora? Taifa. Forodha? Taifa. Mkataba wa biashara? Taifa. Halmashauri ya Ukerewe inabaki na ushuru wake na ada ndogo ndogo. Nayo haiwezi kuwaambia wavuvi wa Musoma au Sengerema kwamba maji haya ni yetu, lipieni kwanza.

Sasa mfuate jodari. Shelisheli, kwa kuwa ni nchi, ina eneo la bahari la takriban kilomita za mraba milioni 1.3. Tanzania yote, milima na maziwa ndani yake, haifiki milioni moja. Ziwa Victoria lote, la nchi tatu, ni kama 68,800. Bahari yao inalizidi karibu mara ishirini. Kwa hiyo hata hilo neno "nchi ndogo" lina walakini. Meli za Wahispania na Wafaransa hulipa ili ziingie kuvua. Sehemu kubwa ya jodari hushushwa bandarini Victoria, kwenye kiwanda cha kusindika samaki wa kopo ambacho ni miongoni mwa vikubwa duniani, na makopo huingia soko la Ulaya bila ushuru kwa mkataba ambao serikali ya watu laki moja ilikaa ikausaini. Wameuza hata jina la nchi kwa makampuni ya kigeni yanayosajiliwa pale bila kuwa na duka wala ghala. Tuvalu, yenye watu kama elfu kumi tu, inapata fedha kwa kukodisha ile ".tv" ya kwenye intaneti. Nauru ilichimba fosfeti hadi ikaimaliza, ikafilisika, kisha ikarudi kuwa na kipato cha juu, kwa sehemu kwa kupokea kituo cha wakimbizi cha Australia na kuuza siku za kuvua kwenye bahari yake. Ukerewe haina alama ya intaneti. Haina bendera ya kuikodisha kwa meli. Haina kiti Umoja wa Mataifa kule New York.

Kabla Mkuu wa Wilaya hajanipigia simu: sisemi Ukerewe ijitenge. Kuwa nchi kuna gharama zake, na kwa walio wachache gharama hizo huuma. Bunge, benki kuu, balozi, hospitali ya rufaa, mahakama ya juu: kila kimoja lazima kiwepo hata kama mko laki moja. Umeme wao hauna gridi ya jirani ya kuunganisha. Mwaka 2008 walishindwa kulipa hatifungani yao, wakaenda IMF, wakaiachia rupia, sarafu yao, ielee yenyewe sokoni, ikaanguka, na mwenye mshahara akaamka na nusu ya alichokuwa nacho jana. Mwaka 2020 ndege ziliposimama, uchumi wao ulisinyaa vibaya, wakati sisi kwa takwimu rasmi tulikua kwa asilimia 4.8. Mwaka ule utalii ulikufa na bei ya dhahabu ikapanda. Nchi yenye mbuga ya Serengeti na dhahabu ya Geita kwa pamoja inaumia upande mmoja huku upande mwingine ukifidia. Nchi ya hoteli na jodari haina upande mwingine.

Kuna faida nyingine ya Ukerewe ambayo haionekani kwenye jedwali lolote. Kijana wa Nansio akiona mambo magumu anapanda kivuko, kesho yuko Mwanza, keshokutwa yuko Geita, bila pasipoti. Anachozalisha kule kinahesabiwa Geita, fedha anayomtumia mama yake inaliwa Ukerewe. Ukichukua pato la eneo ukaligawanya kwa watu wa eneo, huyo kijana umempoteza. Shelisheli ni kinyume: wapo wafanyakazi wengi wa kigeni wa ujenzi na hoteli, na sehemu ya kinachozalishwa huondoka na wenye hoteli. Ndiyo maana anayelinganisha pato la ndani peke yake, bila kuangalia pato linalobaki kwa wananchi, anacheza.

Na bei je? Dola moja ya Nansio si dola moja ya Victoria. Msimu wa machungwa, Ukerewe unaweza kuyakuta yamerundikana hadi muuzaji anaona bora akupe. Shelisheli sehemu kubwa ya chakula huja kwa meli na ndege. Ukirekebisha kwa uwezo wa kununua, pengo hupungua sana. Halifutiki. Nalitaja tu kwa sababu nikiliacha atatokea mtu kwenye maoni akidhani kanikamata.

Jambo ambalo vitabu hulipitia juu juu ni kwamba namba hizi mbili hazikupimwa kwa uhakika ulio sawa. Ya Shelisheli ni rahisi: watu wachache, bandari moja kubwa, uwanja mmoja mkuu wa ndege wa kimataifa, hoteli zenye vitabu vya hesabu. Njoo sasa Mwaloni Kirumba asubuhi. Magunia ya dagaa yamepangwa, wanunuzi wametoka Congo, Burundi na mikoani, wapagazi wanapiga kelele. Gunia ni kilo ngapi? Inategemea. Kuna lumbesa, lililoshindiliwa hadi limefungwa kofia. Kuna dagaa waliokauka vizuri juani na kuna walioanikwa wingu likiwa limetanda, wazito kwa maji. Uvuvi wenyewe unafuata giza. Mbalamwezi ikitoka taa za kuwavutia dagaa hazina kazi na mitumbwi inapumzika. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa mchangani, chakula cha watu kinageuka chakula cha kuku, na bei inaporomoka siku hiyo hiyo. Mhesabu pato anatakiwa ajue ni magunia mangapi yameliwa, mangapi yameingia kwenye viwanda vya chakula cha mifugo ili yasihesabiwe mara mbili, na mangapi yamevuka mpaka bila karatasi. Tunakadiria. Tunakadiria kwa uangalifu, lakini tunakadiria. Mwaka 2019 tulipohamisha mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake tunazitumia kupimia pato, kutoka 2007 kwenda 2015, hakuna aliyelala maskini akaamka tajiri, ila namba zilisogea. Kwa hiyo mtu akiniambia Mshelisheli ana kipato mara kumi na nne na nukta fulani ya Mtanzania, hiyo nukta huwa naitupa kabla hajamaliza sentensi. Mara kumi na nne yenyewe naitumia nikiwa na shaka upande wetu kuliko upande wao.

Na wachumi tusijifanye manabii. James Meade, aliyekuja kupata Nobel mwaka 1977, aliitazama Morisi mwaka 1961: miwa, watu wanaongezeka, kisiwa kiko mbali na masoko. Akaona giza mbele. Morisi ikaanzisha maeneo ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1970, ikapata bei nzuri ya sukari Ulaya, ikashona nguo, ikafika kipato cha juu Julai 2020, tangazo lile lile lililotupandisha sisi. Mwaka uliofuata ikashushwa, kwa sababu ya korona na utalii. Waliotuma picha za kuisifu Morisi hawakutuma za kuishusha.

Mfano unaonisumbua mimi ni Zanzibar. Ni visiwa, watu milioni 1.9 kwa Sensa ya 2022, wana serikali, bajeti, mamlaka yao ya mapato, karafuu na fukwe, na hoteli wanazipangia ada wenyewe. Sarafu na benki kuu hawana, viko kwenye Muungano. Kwa nadharia yangu ya "kuwa nchi", nusu ya mamlaka ingepaswa kuonekana kama nusu ya safari kuelekea Shelisheli. Haionekani, kipato cha mtu kule hakiko mbali na cha Bara. Jibu langu la haraka ni kwamba mwaka 2019 wageni waliofika Zanzibar walikuwa nusu milioni na ushee, mgeni mmoja kwa wakazi watatu au wanne, wakati Shelisheli ni kinyume chake, na bahari kuu inayouzwa leseni ni ya Muungano. Jibu hilo linanitosha nikiwa kwenye semina. Nikiwa peke yangu na majedwali halinitoshi, kwa sababu halielezi kwa nini mgeni wa Victoria anaacha fedha nyingi kiasi kile mikononi mwa wenyeji, na wa Nungwi anaacha kidogo.