Transposoni iliyonyamazishwa na iliyokufa

Kila habari za jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, zinapojadiliwa, hakosi mtu wa kusema kwamba seli "huzifuta" transposoni zake. Hazifutwi. Zinanyamazishwa, na tofauti hiyo ni kubwa.

Transposoni ni kipande cha DNA kinachoweza kuhama au kujinakili kutoka sehemu moja ya jenomu hadi nyingine. Ikitua katikati ya jeni, yaweza kuiharibu. Ndiyo maana seli huzizuia: hubandika methili (vikundi vidogo vya kikemikali) kwenye DNA, hukaza kromatini, yaani DNA pamoja na protini zinazoifunga, kwa alama zinazowekwa kwenye protini hizo ziitwazo histoni, na kwenye seli za uzazi hutumia piRNA, vipande vidogo vya RNA vinavyoziongoza protini za PIWI hadi kwenye RNA ya transposoni ili ikatwe. Maana ya kunyamazisha ni hiyo tu.

Mwanasayansi Barbara McClintock, aliyezigundua kwenye mahindi huko Marekani miaka ya 1940, aliona kuwa baadhi hulala, kisha huamka tena. Kilichofutwa kingerudije? Miaka ya 1980 ikaonekana kuwa zilizolala zimejaa methili, ilhali mfuatano wa herufi za DNA yake haujaguswa.

Nzi wa matunda ndio wanaonifurahisha zaidi. Dume mwenye transposoni iitwayo P akimpanda jike asiye nayo, watoto huweza kuwa tasa. Geuza, jike ndiye awe nayo, na watoto ni wazima. Transposoni wamerithi ileile! Mama mwenye P huweka piRNA zake ndani ya yai, na baba hana njia ya kufanya hivyo.

Halafu kuna kosa la upande wa pili, ambalo hata wasomi hulifanya: kuiita kila transposoni isiyohama kuwa imenyamazishwa. Binadamu tuna nakala kama 500,000 za transposoni iitwayo LINE-1, na zinazoweza kuhama ni kama 100 tu. Nyingi zilizobaki zilikatika mwanzo wake zilipokuwa zinanakiliwa. Zivue methili zote, bado hazitakwenda popote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikuta transposoni imetulia, tazama kwanza kama mfuatano wake ni mzima. Ukiwa mzima, sema imenyamazishwa, tena utaje ni kwenye seli zipi. Ukiwa umekatika, sema imeharibika, wala usiisingizie methili.