Je, mshauri nasaha asiyeona anaweza kumwelewa mteja?

Wapo wanaoamini kwamba mtu asiyeona hafai kuwa mshauri nasaha, kwa hoja kwamba asiyeyaona machozi ya mteja hawezi kuyatambua majonzi yake. Hoja hiyo inasahau kwamba tangu mwaka 1953, huduma ya Samaritans ilipoanzishwa London, watu waliokata tamaa wamekuwa wakisaidiwa kwa simu na wasikilizaji wasiowaona hata kidogo.

Katika chumba cha ushauri mengi husikika: pumzi inayokatika kabla ya jina la marehemu kutajwa, kiti kinacholia mteja anapojisogeza, neno "sijambo" linalotamkwa upesi mno. Panapotokea kimya asichoweza kukifasiri, mshauri huuliza, "Umenyamaza, kuna nini hapo?" Swali hilo, kwa maoni yangu, ni salama kuliko kubahatisha kwa kutazama uso, kwani wapo wanaotabasamu huku wameumia. Wala upofu haumpi mtu masikio ya ajabu (hilo nalo ni kosa, ingawa husemwa kwa nia ya kusifu). Ni mafunzo na mazoezi. Kumbukumbu huandikwa kwa nukta nundu, au kwa kompyuta yenye programu inayosoma skrini kwa sauti.

Kikwazo halisi mara nyingi huwa fomu za karatasi, au mwajiri anayemkataa mwombaji kabla ya kumsaili. Ndiyo maana baadhi ya washauri wasioona hujikuta pia wakiwa watetezi wa haki, wakiegemea Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao kifungu chake cha 27 kinakataza ubaguzi katika ajira na kudai marekebisho yafaayo mahali pa kazi.